Vijana wetu wanaopotea: Nani amesomea kuwarejesha?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau ile hofu ya mwanzoni mwa Januari 2015, pale uvumi wa Panya Road ulipowafanya watu wafunge maduka mapema na kukimbilia majumbani. Septemba 2022 jina hilo hilo likarudi midomoni mwa watu. Mara zote mbili kilio kilikuwa kimoja: polisi waongezwe, doria ziongezwe, wakamatwe. Kulinda raia ni wajibu wa dola na hakuna mwenye akili anayelipinga hilo. Lakini lipo swali ambalo mimi sikulisikia likiulizwa, si barazani wala msikitini. Vijana wale walipokuwa na umri wa miaka kumi, walipoanza kutoroka shule na kulala nje, ni nani aliyekaa nao akawauliza wana nini?

Swali hili silielekezi kwa mwingine kabla sijalielekeza kwangu mwenyewe.

"Ustadhi, hukuniuliza"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha madrasa nyakati za jioni, baada ya kutoka shuleni. Alikuwepo kijana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa kuhifadhi, aliyeanza kubadilika ghafla. Akawa anachelewa, anasinzia juu ya msahafu, anapigana na wenzake. Siku moja akakamatwa ametia mkono katika kisanduku cha sadaka. Nilimsimamisha mbele ya wenzake baada ya Swala ya Alasiri. Nikawasomea aya ya hukumu ya mwizi katika Surat Al-Maida, nikamchapa viboko, nikamwambia asirudi ila na mzazi wake. Niliondoka pale nikiona nimetekeleza wajibu. Hakurudi.

Ilipita zaidi ya nusu mwaka. Nikamkuta stendi ya mabasi anabeba mizigo ya abiria, nguo zimemchakaa, chupa ya gundi iko mkononi. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo ustadhi." Nikamnunulia chai na chapati, nikamuuliza kwa nini aliiba siku ile. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa amefariki, mjomba aliyewachukua alikuwa anawafungia nje usiku, na mdogo wake wa kike alikuwa hajala tangu jana yake. Nikasema, mbona hukuniambia? Akanitazama akasema, "Ustadhi, hukuniuliza."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilijua fika Hadithi inayosema kalamu imenyanyuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Nilijua masharti ya kusimamisha hadi na nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha. Yote hayo niliyajibia mitihani nikafaulu. Lakini siku ile mtoto alikuwa mbele yangu na mimi sikuiona njaa usoni mwake.

Wala kosa langu halikuishia hapo. Usiku ule nilimchukua nyumbani. Kwa nia njema kabisa nikaanza kumhoji mpaka saa nne za usiku: unavuta nini, unalala na nani, mmeiba wapi? Nikamuahidi kwamba kesho nitampeleka kwa mjomba wake nikawapatanishe. Alfajiri nilipoamka kwa Swala nikakuta mlango umeegeshwa, hayupo. Nilimtafuta stendi ile siku nyingi, sikumwona tena mpaka leo. Baadaye nilimsimulia afisa mmoja wa ustawi wa jamii. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Shehe, ulimwahidi kumrudisha mahali alipokuwa anapakimbia." Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nia njema haitoshi

Wengi wetu tunaamini kuwa mtoto aliyeharibika anahitaji vitu viwili tu, mawaidha na bakora. Tukiona vimeshindwa, tunasema huyo ana jini, au tunasema ni mtoto wa laana, basi tunamuachia Mungu. Hatujiulizi kama huenda kazi hii ina ujuzi wake, na ujuzi huo unasomewa.

Tazama Qur'an inavyotuelekeza. Katika Surat Al-Qasas (28:26), binti wa yule mzee wa Madyan anamshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (A.S), na anataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: awe mwenye nguvu na awe muaminifu. Wanazuoni wamefafanua kuwa nguvu katika kila kazi ni ile inayohusiana na kazi hiyo. Nguvu ya hakimu ni kuijua sheria na kuweza kuitekeleza. Nguvu ya mkuu wa jeshi ni ushujaa na kuvijua vita. Basi nguvu ya mlezi wa watoto walioumia ni ipi kama si kujua mtoto anakuaje, anaumiaje na anaponaje? Sisi tumeishika sifa moja tukaiacha nyingine. Tunamtafuta mtu muaminifu, mcha Mungu, tunamkabidhi watoto arobaini, wala hatumuulizi kama anaiweza kazi.

Ipo pia Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, ambamo Mtume (S.A.W) anatufundisha kwamba mtu anayejitia kutibu watu na hali hajulikani kwa utabibu, basi atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mafakihi wamejenga juu yake hukumu za fidia. Haikusemwa kuwa nia yake njema itamuokoa na dhamana. Kama hali ni hiyo kwa anayegusa mwili, vipi kwa anayegusa moyo wa mtoto?

Na katika Surat Al-Kahf (18:68), Al-Khidr anamuuliza Nabii Musa (A.S) atawezaje kuvumilia jambo ambalo hana habari nalo. Hapa pana somo kubwa kwa walezi. Subira huzaliwa na ujuzi. Mwalimu asiyejua kwa nini mtoto anasema uongo, anapigana au anakojoa kitandani akiwa na miaka kumi na mmoja, atavumilia wiki moja, mbili, ya tatu atachukua bakora. Anayejua kwamba yale ni moshi na moto uko kwingine, huyo hutafuta moto.

Mtume (S.A.W) na vijana wakorofi

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Rejeeni Sira. Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama (R.A) kisa cha kijana aliyemjia Mtume (S.A.W) mbele za watu akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwepo wakamkemea. Mtume (S.A.W) akamsogeza karibu, kijana akakaa. Hakumsomea kwanza aya ya adhabu. Alimuuliza, je, angelipenda jambo hilo kwa mama yake? Kwa binti yake? Kwa dada yake? Kwa shangazi na mama yake mdogo? Kila mara kijana anajibu hapana, mpaka akalifikia jibu kwa akili yake mwenyewe. Kisha Mtume (S.A.W) akaweka mkono wake juu yake akamuombea dua. Imepokewa kuwa baada ya hapo kijana yule hakugeukia tena jambo hilo.

Tazama pia kisa cha Abu Mahdhura (R.A). Waislamu walikuwa wanarejea kutoka Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Kundi la vijana wa Makkah likasikia adhana likaanza kuiigiza kwa kejeli. Mtume (S.A.W) akawaita, akamtaka kila mmoja aadhini, akamtambua mwenye sauti nzuri miongoni mwao. Wenzake akawaachia, yeye akambakisha. Abu Mahdhura mwenyewe anasimulia kuwa saa ile hakuna kitu alichokichukia kuliko Mtume na lile alilomuamrisha. Mtume (S.A.W) akamfundisha adhana neno kwa neno, akampa kifuko chenye fedha kidogo, akampangusa kwa mkono wake na kumuombea baraka. Chuki ikageuka mapenzi, naye akawa muadhini wa Makkah.

Ndugu Muislamu, kijana yule aliyeikejeli adhana leo tungelimfanya nini? Mtume (S.A.W) alimtoa katika kundi, akasikiliza sauti yake badala ya kejeli yake, akamfundisha, kisha akampa kazi yenye heshima. Ukikaa na waliosomea ustawi wa jamii watakuambia kuwa hivyo ndivyo wanavyofundishwa: mtenganishe mtoto na kosa lake, tafuta kilicho kizima ndani yake, jenga juu ya hicho.

Wanazuoni waliofuata nao waliushika mwendo huo. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akikosea mara moja yafaa kosa lifumbiwe macho na asifedheheshwe, na akirudia akanywe kwa siri. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameandika katika Muqaddima kwamba ukali unawadhuru wanafunzi na kuwafundisha uongo na hila. Mimi nilivisoma vitabu hivi chuoni. Kusoma ni jambo moja na kufunzwa kuyatenda ni jambo jingine.

Ni nini kinachosomewa?

Nchini mwetu ipo Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Inatoa mafunzo kuanzia cheti na stashahada hadi shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina shahada ya fani hii, jambo linalomfaa mwalimu ambaye hawezi kuacha kazi. Vipo na vyuo vingine, serikali na binafsi. Kwa hiyo mlango haukufungwa kwa kijana aliyeishia kidato cha nne, alimradi ametimiza sifa za kujiunga.

Humo mwanafunzi anasoma hatua za makuzi ya mtoto, mambo yanayomvunja na yanayomjenga. Anasoma namna ya kusikiliza. Msicheke, kusikiliza kunasomewa. Anafundishwa kuuliza swali linalomfungulia mtoto mlango wa kusema, badala ya swali la kumnasa. Anafundishwa kutomuahidi mtoto asichoweza kukitimiza, wala kumwambia "hili litabaki siri yangu na yako" wakati mtoto yuko hatarini na lazima wahusika waambiwe. Anafundishwa kutunza siri kwa wasiohusika, kuandika taarifa ya haki, na kujua ni wakati gani jambo limemzidi na linahitaji daktari, polisi au mahakama. Kisha anapelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi, akosee akiwa na mwalimu wa kumsahihisha. Mimi nilikosea nikiwa peke yangu, na aliyelipa gharama ni mtoto.

Anasoma na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 kwa Zanzibar, zinamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Bara imeweka mahakama ya watoto na inataka afisa ustawi wa jamii awepo shauri linaposikilizwa. Wapo watoto wanaoshikiliwa katika mahabusi za watoto, kama zile za Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Wapo wanaopelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya. Humo wamo na watoto wetu. Ni nani atakayekaa na mtoto wa Kiislamu mle ndani, anayemjua Mola wake na anaijua pia kazi yake?

Hoja tunazozisikia

Wapo wanaosema: sisi tunao mashehe, inatosha. Shehe ana nafasi yake, na hakuna wa kuichukua. Lakini tukiugua figo hatuendi kwa shehe, tunakwenda hospitali na shehe anatuombea dua. Kuacha sababu si kutawakali.

Wapo wanaosema: dawa yake ni ruqya. Sisi tunaamini Qur'an ni shifaa, na hatumkatazi mtu kumsomea mwanawe. Lakini mtoto anayepigwa kila usiku akisomewa kisha akarejeshwa kwa anayempiga, tumemtibu nini? Kijana aliyezama katika unga anahitaji dua, na anahitaji tiba pia. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Tuwasindikize wagonjwa wetu huko bila kuona aibu.

Wapo wanaosema: kazi hiyo haina pesa. Hapa sitawadanganya. Kazi hii ni nzito, mshahara wake si wa kujengea ghorofa, na anayeifanya hurudi nyumbani na huzuni za watu. Ndiyo maana inahitaji mwenye imani. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Surat Al-Maida (5:32) kwamba aliyeiokoa nafsi moja ni kama amewaokoa watu wote. Mtume (S.A.W) ametuonyesha vidole vyake viwili, akatufahamisha kuwa hivyo ndivyo atakavyokuwa karibu na mlezi wa yatima Peponi. Ni mshahara gani unaofika hapo?

Na ipo hoja ambayo watu huisema chini chini: tukianza kuchunguza tutaifedhehesha madrasa. Ndugu zangu, mtu mwenye nia mbaya na watoto hutafuta mahali penye watoto. Anaweza kuvaa kanzu, anaweza kuvaa suti. Mlezi aliyefunzwa anajua kwamba hakai na mtoto peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, hampeleki mtoto nyumbani kwake usiku bila wahusika kujua, na mtoto akilalamika anasikilizwa kabla ya kuitwa muongo. Nami nilimpeleka kijana yule nyumbani kwangu bila kumjulisha yeyote. Allah (S.W) anajua nia yangu, lakini utaratibu ule ule ndio anaoutumia mwovu. Kanuni zinamlinda mtoto, na zinamlinda ustadhi pia. Madrasa inafedheheshwa na dhulma iliyofichwa, haifedheheshwi na uchunguzi.

Tufanye nini?

Kwanza, wazazi. Binti yako akimaliza kidato cha sita akakwambia anataka kusoma ustawi wa jamii, usimcheke kwa kuwa ulimtaka awe mwanasheria. Wasichana wetu wanaodhulumiwa wanahitaji mwanamke wa Kiislamu wa kumfungulia moyo. Huyo atatoka wapi kama kila nyumba inasema asitoke kwetu?

Pili, kamati za misikiti. Tunachangisha mamilioni kwa ajili ya marumaru na vipaza sauti. Hilo ni jema. Lakini kila msikiti mkubwa wa mjini unashindwaje kumsomesha kijana mmoja tu katika fani hii, kwa sadaka za Ijumaa au kwa kodi ya fremu za waqf, kwa sharti kwamba akimaliza awatumikie watoto wa mtaa ule siku moja kwa wiki? Wanazuoni wanatueleza kuwa kila ujuzi ambao umma hauwezi kuishi bila huo ni faradhi ya kutoshelezeana. Wasipopatikana wa kutosha, dhambi ni yetu sote.

Tatu, walimu wa madrasa. Si kila ustadhi ataweza kwenda chuo miaka mitatu. Lakini kila madrasa inaweza kumwalika afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake awafunze walimu kwa siku mbili: dalili za mtoto anayedhulumiwa, namna ya kumpokea, na wapi pa kumpeleka. Kila ustadhi ajue kuwa katika vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na kuwa namba 116 ni ya kupiga bure kwa ajili ya kumsaidia mtoto. Niliyajua haya nikiwa nimechelewa.

Nne, na hili halihitaji chuo wala mchango: uliza kabla ya kuhukumu. Mtoto akibadilika, muite faragha, muulize amekula nini, amelala wapi, nani yuko nyumbani. Mimi sikuuliza. Maswali hayo matatu yangelinichukua dakika tano.

Kijana yule, ikiwa yu hai, sasa ni mtu mzima. Sijui yuko kijiwe gani, au gereza gani, au huenda Allah (S.W) amempa mtu bora kuliko mimi akamshika mkono. Kila nikipita stendi ninatazama nyuso. Sina cha kumlipa ila kumuombea, na kujitahidi asipatikane mwingine atakayeniambia neno lile.

Mwenyezi Mungu anatuamrisha katika Surat At-Tahrim (66:6) tujiokoe na moto sisi wenyewe pamoja na ahali zetu. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Tukiulizwa juu ya watoto hawa, tusije tukajibu kwamba tuliwahubiria sana na tukawachapa sana. Tunaweza kuulizwa: je, mliwauliza?

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa watoto tuliowavunja kwa ujinga wetu. Waongoze waliopotea, wahifadhi waliobaki, na uwainue miongoni mwetu walezi wenye nguvu na uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.